Alama Nyekundu Kwenye Gitaa la Besi

Nyinyi mnaopiga besi kwenye makwaya na kwenye harusi hapa Rubavu, sogeeni karibu. Mimi nilisoma kidogo, ya kutosha kuandika haya na kugombana na karani wa soko, lakini besi niliipiga tangu ujana mpaka vidole viliponikatalia. Watu wa Mbugangari wananiita Mama Besi. Jina langu la ubatizo wamelisahau, na mimi siwakumbushi.

Wiki hii nusura waitoe besi ya mjukuu wangu Uwera, anayeniita Nyogokuru, yaani bibi, kwenye wimbo wa kwaya yake, waweke ya kinanda. Kinanda! Kitu unachobonyeza kwa kidole kimoja huku kingine kinakuna kichwa.

Kwaya yao inarekodi wimbo wake wa kwanza kwa kijana mmoja anaitwa Didier, mwenye chumba cha kurekodia hapa hapa Mbugangari, nyuma ya gereji ya pikipiki. Alhamisi Uwera alienda kupiga. Didier akasikiliza, akavua vile vitu vya masikioni, akamwambia kwa upole, kwa sababu kijana yule ana adabu: "Dada, besi yako inachafua wimbo. Rudia Jumamosi asubuhi. Kama iko vilevile, nitaweka ya kinanda."

Mtoto akarudi nyumbani, akakaa jikoni. Nikamuuliza:

"Wamesema nini?"

"Wanasema inakwaruza."

"Inakwaruza nani?"

"Besi, Nyogokuru."

"Besi yangu?"

"Besi ni yako. Mukono ni yangu."

Akaanza kulia juu ya karai la sombe, yale majani ya muhogo, na mimi sipendi sombe yenye chumvi isiyotoka mfukoni mwangu. Nikamwambia: "Jumamosi naenda mimi mwenyewe."

Kabla sijawapeleka Jumamosi, lazima mjue alama. Juu ya mwili wa gitaa lile kuna tone la rangi ya kucha, nyekundu. Lipo karibu na chuma cha chini ambako nyuzi zinafungiwa, wanamuziki wetu wanakiita shevale. Tone hilo nililitia mimi. Siku niliyomkabidhi Uwera gitaa nilimwonyesha kwa kidole: "Mkono unakaa hapa. Ukiuondoa hapa, hata nikiwa sokoni nitajua." Na kweli ningejua. Tangu siku hiyo hajauondoa hata unene wa ukucha. Ni mtoto mtiifu yule, amenishinda mimi na mama yake.

Sasa niwaambie mkono wangu ulifikaje pale.

Nilikuwa nauza mandazi kwenye baa moja kando ya ziwa. Jumapili mchana ilikuja bendi kutoka Goma kupigia watu waliotoka kanisani, na mpiga besi wao alikuwa mzee mmoja mrefu, tulimwita Vye Bahati, yaani Mzee Bahati. Vye Bahati alikuwa na shida moja: alipenda kuimba. Akiimba, besi inapotea. Akipiga besi, maneno yanapotea. Bendi nzima ilikuwa inamwomba achague, naye hataki kuchagua.

Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko natwanga sombe ya mwenye baa, yule mzee akaja kunywa maji. Akasimama na kikombe mkononi, hanywi.

"We mama, mukono yako iko mu tempo."

"Mukono yangu iko mu sombe."

"Ndiyo, njo nasema! Haisukume. Inanyanyua muti, inauacha unaanguka wenyewe. Batu bote banasukuma." Akaweka kikombe chini. "Bon. Ukimaliza, kuja."

Nilikwenda kwa sababu nilidhani anataka mandazi. Akanivisha gitaa. Wanaume wa bendi wakakaa kama watu wanaongoja sinema. Nikaushika uzi mnene na kuuvuta kama ninavyovuta kamba ya mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Ampli ikalia kama mlango wa lori. Mpiga ngoma akapiga kelele: "Mama, iyo haiko mbuzi! Haitakimbia!" Wakacheka mpaka wengine wakashika meza.

Mimi sikuvua gitaa. Niliwaangalia nikasema: "Malizeni kucheka, nina mandazi kwenye moto." Vye Bahati baadaye aliniambia ni hapo aliponichagua, sio kwenye sombe.

Somo lake la kwanza lilikuwa la ukuta. Nyuma ya baa kulikuwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano. Alinikalisha kwenye kreti ya bia nikiutazama, ampli ikiwa miguuni mwangu, nikapiga uzi mmoja tu, noti moja tu, mchana mzima. Kila baada ya muda anakuja, anausogeza mkono wangu wa kulia kidogo: kuanzia kule juu ambapo shingo ya gitaa inakutana na mwili, kushuka, kushuka, mpaka shevale.

"Unasikia nini?"

"Ng'ombe."

Anausogeza. "Na sasa?"

"Ng'ombe mwenye njaa."

"Na hapa?"

"Mbuzi."

Anausogeza mpaka karibu kabisa na chuma. "Hapa?"

"Mama mkwe wangu."

Mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye majivu. "Njo paka iyo, njo iyo tu! Hapo karibu na shevale sauti inasemea mu pua. Haipendeze ikiwa peke yake. Lakini mu kelele ya baa, nani anasikilikana kuliko mama mukwe?"

Hilo ndilo somo lote, wanangu. Mengine ni mapambo. Uzi ni uleule, noti ni ileile, kitufe cha ampli hujakigusa, lakini mkono ukikaa juu, karibu na shingo, uzi unalegea chini ya kidole, unatikisika wote, sauti inatoka nene, ya mviringo, inakaa tumboni. Ukishuka karibu na shevale, uzi ni mkavu, mgumu, unakupinga, na sauti inatoka nyembamba na kali, inakwenda mbele ya watu na kuwanyooshea kidole. Katikati, juu ya vile visanduku vyeusi vinavyosikia nyuzi, ni pa kila siku, kama ugali. Mtu anayekimbilia kuzungusha vitufe kabla ya kusogeza mkono ananikumbusha mpishi anayeongeza chumvi kabla ya kuonja.

Vye Bahati aliniweka pale kwa mama mkwe kwa sababu spika yetu ilikuwa imepasuka. Ukipiga karibu na shingo inatoa mngurumo tu, kama lori la mchanga linapanda mlima. Ukishuka karibu na chuma, noti zinasikika moja moja. Na vidole vyangu viliweza. Kidole kilichotwanga sombe na kukanda unga wa mandazi kina ngozi kama soli ya kiatu. Kinaupiga uzi mkavu na uzi unatoa nyama. Hapo pakawa pangu. Watu wakiwa barabarani walijua nimeshaanza kabla hawajauona mlango wa baa.

Na kidole chenyewe, msikipige kwa ncha kama mnadonoa. Pigeni kwa nyama ya kidole, kisha kikishapita kiache kipumzike juu ya uzi unaofuata. Ni kama mchi: kazi yako ni kuunyanyua, kuanguka unajua wenyewe. Anayesukuma anachoka kabla ya kiitikio. Kucha zikateni. Najua mabinti wanapenda zile ndefu za dukani, zenye mawe yanayong'aa. Zibandikeni kwenye miguu.

Mkono wa kushoto nao una uhuni wake. Bonyeza nyuma kidogo tu ya kile chuma cha shingoni. Ukikaa juu yake noti inakufa, ukikaa mbali nacho inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Kidole gumba kikae mgongoni mwa shingo. Msiishike shingo ya gitaa kama mnakwenda kuchinja kuku. Na nyuzi usizozipiga uzinyamazishe kwa vidole vilivyobaki, kwa sababu nyuzi ni kama mashangazi kwenye harusi, ukimgusa mmoja wote wanasema. Nusu ya sauti nzuri ya besi ni mashangazi walionyamaza.

Kuhusu nyuzi, niwaambie siku ya makaroni.

Wakati ule nyuzi mpya za besi huzipati. Unapiga zilezile mpaka zinajaa jasho na, kwa upande wangu, mafuta ya mandazi, mpaka zinakufa: ukipiga unasikia "dub," hakuna mlio. Dawa yake ni kuzitoa na kuzichemsha kwenye maji na sabuni ya kufulia. Basi Jumapili moja asubuhi nimeziweka kwenye sufuria, nimefunika, nimeenda kisimani. Mama mkwe wangu, yule yule wa sauti ya puani, akaja kututembelea. Akafunua sufuria.

"Yewe! Munakula makaroni ya chuma?"

Akamwita mume wangu, akamwonyesha, akamwambia arudi kwao kabla sijamtoboa utumbo. Mume wangu, Mungu amrehemu, akajibu: "Mama, hiyo ni ya kazi yake. Chakula kiko sufuria ya pili." Akafunika. Hakuwahi kuniimbia hata wimbo mmoja wa mapenzi mtu yule, lakini sufuria ile aliifunika vizuri sana.

Mchana nikafunga nyuzi zangu safi, nikasimama, nikaweka mkono pale pangu kwa mama mkwe, nikapiga. Wanangu! Ilikuwa kama sahani za bati zinaanguka kwenye ngazi. Nyuzi zilizofufuka, mkono karibu na chuma, na mimi nazipiga kwa nguvu ileile niliyozipigia zikiwa maiti. Wachezaji walisimama. Mwanamume mmoja alikuwa amemzungusha mke wake akamwacha nusu. Vye Bahati, huku anaimba, akaja akanisukuma kiwiko kwa kiwiko chake kuelekea shingoni mwa gitaa, mara moja, mara ya pili, mpaka sauti ikarudi kuwa na tumbo. Baada ya wimbo akaniambia sikioni: "Nyuzi zimebadilika, na we unakaa paka pale kama mutu amelipia kiti?"

Kumbukeni neno hilo la kiti. Mimi mwenyewe nililisahau mpaka Jumamosi.

Mkono pia unasikia baridi. Tulikwenda kupiga kwenye harusi Mudende, kule juu ambako ng'ombe wana manyoya kama mazulia na ukungu unaingia ndani ya nyumba bila hodi. Kidole cha baridi hakina nyama. Kinakuwa mfupa, na kila noti inakuja na "ta!" mbele yake. Nilikuwa napiga "ta-dum, ta-dum" mpaka mama wa bibi arusi akanihurumia. Akaniletea viazi viwili vya moto, vimetoka kwenye chungu sasa hivi, akavitia kwenye mifuko ya koti langu, kimoja huku, kimoja huku. Kila wimbo ukiisha natia mikono mifukoni. Hakuna mtu amewahi kunifanyia jambo la maana zaidi jukwaani. Wimbo wa mwisho tu ndio uliharibika, kwa sababu njaa iliniuma na joto lote nilikuwa nimeshalila.

Na sasa meza ya mpakani, kisha tufike kwa Didier.

Mazoezi tulikuwa tunafanya Goma, basi nilivuka kwa miguu na gitaa mgongoni, katikati ya wamama wenye vikapu vya nyanya na mikungu ya ndizi. Siku ya kwanza ofisa mmoja wa forodha alinisimamisha.

"Mama, iko nini mule?"

"Gitari."

Akafungua, akaligonga kwa kidole. "Gitari iko na tumbo. Iyi haina tumbo. Iyi ni kibao."

"Ni ya besi."

"Ipige."

Nikapiga. Bila umeme, besi ya kibao inanong'ona tu, kama nzi kwenye kopo. Ofisa akawatazama wenzake. "Haina tumbo, haina sauti. Mama, unapitisha nini?"

Nyuma yangu foleni inalalamika, nyanya zinaiva. Nikaona meza yake, ya mbao nene, kuukuu. Nikainua gitaa, nikakandamiza kichwa cha shingo yake kwenye ubao wa meza, nikapiga uzi mnene. Meza ikanguruma. Kikombe chake cha chai kikaanza kutembea. Yule bwana akaruka nyuma na kiti chake.

"Mama we! Meza inasema!"

Akaweka kiganja juu ya meza, akafumba macho. "Piga tena." Nikapiga. "Inaingia mu mukono," akasema, kwa sauti ya mtoto. Tangu siku hiyo kila nikivuka hanifungulii mfuko. Anaondoa kikombe, anaweka kiganja mezani, nampigia kidogo, napita. Kwake yeye nilijifunza kitu ambacho hata Vye Bahati hakunifundisha: ukitaka kujua sauti ya besi ni ya kweli, usiisikilize kwa sikio peke yake. Weka mkono juu ya mbao.

Bon. Jumamosi.

Chumba cha Didier ni kidogo, kuta zimevaa magodoro na trei za mayai, na mlango ni wa mbao ngumu. Ampli ameiweka kwenye kona, ameisimamishia mikrofoni mbele kama mtu anayehojiwa. Alinipa kiti cha plastiki. Mimi nikakichukua nikakiweka mbele kabisa ya Uwera, magoti yangu karibu yaguse yake, ili niuone mkono.

"Karibu, Mama," Didier akasema. "Ila humu ndani hatukohoe."

"Sikuja kukohoa."

Uwera akaweka mkono penye alama nyekundu, sawasawa kama nilivyomfundisha. Nikajisikia vizuri. Ule mkao ulikuwa wangu: kiwiko changu, bega langu, hata kile kidevu cha kiburi. Akapiga.

Ilikwaruza.

Didier akanigeukia, maskini, anatafuta maneno. "Mama, mi naheshimu. Lakini unasikia."

"Zungusha kile kitufe."

"Nilizungusha Alhamisi. Inakwaruza zaidi."

"Ampli yako ni mgonjwa."

"Ampli iko muzima, Mama. Jana ilipigia watu watatu."

Wakarudia. Ikakwaruza tena, kama kijiko kinatafuta kitu chini ya sufuria. Didier akatazama saa ya simu yake. "Dada, mara moja ya mwisho. Kwaya iko njiani, siwezi kuwasimamisha nje. Ikikataa, naweka kinanda, na besi utaipiga kanisani. Si mwisho wa dunia."

Kwa mtoto yule ilikuwa mwisho wa dunia. Alikuwa ameliambia darasa zima la Biblia kwamba kwenye wimbo huo ni yeye.

Basi nikaacha kuutazama mkono nikamtazama yeye. Alikuwa anajiandaa. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka kidogo kutoka kwenye alama, ukataka kupanda, unene wa vidole viwili tu kuelekea shingoni. Kisha akanitazama. Kisha mkono ukarudi. Mmewahi kumwona mtoto mezani anayeitazama nyama na kumngoja mkubwa aanze? Ndivyo alivyonitazama. Alijua. Toka Alhamisi alijua, labda toka zamani. Nyuzi zake ni mpya, mjomba wake alimletea, zinang'aa kama meno ya mtoto. Vidole vyake ni vyembamba, havijawahi kukanda unga. Na mikrofoni ya Didier inasikia hata mbu akifikiria. Hakuna kelele ya baa mle ndani ya kushindana nayo, hakuna spika iliyopasuka. Ni mama mkwe peke yake, anasema puani, kwenye chumba chenye magodoro.

Ningeweza kumwambia: "Sogeza." Neno lilikuwa mdomoni. Lakini namjua. Ningesema sogeza, angesogeza, kisha angenitazama tena aone kama hapo ni sawa, na mimi ningesema bado kidogo, na hapo pangekuwa pangu tena. Kusema kweli yote, wanangu, tone lile la rangi sikulitia kwa ajili ya sauti nzuri. Vidole vyangu siku hizi vinaamka vimejikunja kama miguu ya kuku kwenye supu. Nilitaka sauti yangu ibaki mahali. Nikaiweka kwa mtoto, nikapiga muhuri.

Nikasimama. Kiti kikalia.

"Naenda kunywa chai."

Uwera akashtuka. "Nyogokuru, wewe hupendi chai ya dukani."

"Leo naipenda."

"Nikungoje?"

"Ungoje nini? Piga besi yako."

Nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Chai sikuinywa. Nikageuka, nikaweka kiganja changu juu ya mbao za mlango, wazi, vidole vyangu vibovu vikijitahidi kunyooka, nikafumba macho kama yule bwana wa forodha. Mwanamke anayeuza maparachichi ng'ambo ya njia akaniita:

"Mama Besi, huo mulango unausukuma ao unauombea?"

"Nyamaza, nasikiliza."

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Nadhani alikuwa anatazama kiti kitupu. Kisha noti moja ikaja, nyembamba, ya penye alama, ikanichoma kiganja kama sindano. Kimya. Noti nyingine, nzito kidogo. Kimya. Alikuwa anausogeza mkono kama mimi mbele ya ukuta wa mawe, ila hakukuwa na mtu wa kumuuliza anasikia nini. Alikuwa anajiuliza mwenyewe. Noti ya tatu ikaingia kwenye mlango na mlango ukaipokea. Nikaisikia kwenye kiganja, kwenye kifundo, mpaka kwenye kiwiko.

Kisha wimbo ukaanza.

Kwenye ubeti alikuwa juu, karibu na shingo, nene, laini, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikasema moyoni, vizuri, amepata mahali pake. Lakini kiitikio kilipofika nikahisi kitu kinabadilika chini ya mkono wangu: sauti inashuka, inakaza, inakwenda mbele, mpaka ikafika karibu kabisa na alama yangu, ikapiga pale kwa vidole vyepesi sana, bila kukwaruza hata mara moja. Na ubeti wa pili akapanda tena. Alikuwa anatembea! Mimi maisha yangu yote nilikaa pale kama muuza nyanya na meza yake, labda nisukumwe kwa kiwiko. Yeye anatembea ndani ya wimbo mmoja, anapita kwangu, anasalimia, anaendelea.

Sikuwa nimemfundisha hilo. Hakuna aliyemfundisha.

Mlango ukafunguliwa ghafla nikakaribia kumwangukia Didier. Akanishika kiwiko.

"Mama, chai iko namna gani?"

"Baridi. Na besi?"

"Besi inabaki," akasema, akicheka. "Kinanda kitapiga kazi yake."

Nikamshukuru kwa kumwambia trei zake za mayai zina vumbi.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, Uwera na gitaa mgongoni, anaruka madimbwi kama mbuzi. Hakuniuliza kama nilisikia. Aliniangalia tu kiganja, kilikuwa na alama za mbao za mlango. Tulipofika pale barabara inapopanda nikamsimamisha, nikafungua mfuko wa gitaa, nikaanza kulikwangua lile tone jekundu kwa ukucha.

Akaweka mkono wake juu yake.

"Liache, Nyogokuru. Nikipotea, nitaanzia hapo tena."

Nikamwambia abebe na mkoba wangu pia, kwa sababu vumbi la Mbugangari lilikuwa limeniingia machoni, yote mawili, na nilihitaji mkono wa kuyapangusa.